SOMO LA ROBO HII: JE, MWAMUZI AMWADHIBU KOCHA ANAYEWAFOKEA WATOTO?



Somo la robo hii linahusu jambo linalosikika karibu kila mwisho wa juma kwenye viwanja vya michezo ya vijana. Limezoeleka kiasi kwamba wengi wetu hatulisikii tena. Ni sauti ya kocha anayewafokea watoto wa timu yake mwenyewe.

Tumeona vema kulileta kwenu kwa sababu mbili. Kwanza, kamati za parokia ndizo zinazoandaa mashindano, kuwachagua makocha na kuwaita waamuzi. Pili, mipira, jezi na nyavu hupatikana kwa michango ya watu wanaoamini kwamba michezo inawajenga vijana. Ni haki yao kujua ni nini hasa kinachojengwa.

Lengo la somo: baada ya kulisoma na kulijadili, kamati iweze (a) kutofautisha kelele za kufundisha na kelele za kumdhalilisha mtoto, (b) kueleza mamlaka ya mwamuzi juu ya kocha, na (c) kuandika kanuni chache zitakazotumika kwenye mashindano yake.

1. JAMBO LENYEWE

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka 12 anayecheza beki. Mpira unamjia, unadunda vibaya kwenye ardhi isiyo sawa, unampita, na timu yake inafungwa. Kabla hajageuka kuufuata mpira, anasikia sauti kutoka kwenye benchi: "Wewe! Nani alikuambia unajua mpira? Nenda kachunge mbuzi!" Watazamaji wanacheka. Mwamuzi anaonyesha katikati ya uwanja na mchezo unaanza tena.

Hapo wengi watasema hakuna sheria iliyovunjwa. Kocha ni wao, mtoto ni wao, na mwamuzi amekuja kuchezesha mpira, hakuja kulea. Lakini kama maneno yaleyale yangetoka kwa mchezaji wa timu pinzani, mwamuzi angepuliza filimbi na kuingiza mkono mfukoni kutafuta kadi. Je, tusi linapungua uzito kwa kuwa limetoka kwa mtu ambaye mtoto anamtegemea? Sisi tunaona linazidi uzito.

2. SHERIA ZA MPIRA ZINASEMAJE

Wengi wanadhani mwamuzi hana mamlaka juu ya benchi. Sivyo. Kwa miaka mingi Sheria ya 5 ya mpira wa miguu, ile inayomhusu mwamuzi, imempa uwezo wa kuwachukulia hatua viongozi wa timu wasioonyesha mwenendo wa kuwajibika, hata kuwaondoa kwenye eneo la uwanja. Kilichokosekana ni kadi. Kadi za njano na nyekundu zilianza kutumika katika Kombe la Dunia la mwaka 1970 nchini Meksiko, lakini zilikuwa za wachezaji. Bodi ya kimataifa inayotunga sheria za mpira, IFAB, ilibadilisha jambo hilo kuanzia msimu wa 2019/20. Tangu hapo mwamuzi anaweza kumwonyesha kocha kadi ya njano au nyekundu mbele ya watu wote.

Sheria ya 12 inaweka ngazi tatu kwa viongozi wa timu: kuonywa kwa mdomo, kadi ya njano, na kadi nyekundu. Miongoni mwa makosa ya kadi nyekundu ni kutumia lugha ya matusi, ya kukera au ya kudhalilisha. Sheria haikusema kwamba ni kosa pale tu linapomlenga mwamuzi au mpinzani. Tena, kama matusi yametoka kwenye benchi na aliyeyatoa hajulikani, adhabu humwangukia kocha mkuu aliyepo hapo.

Kwamba mtu anaweza kuadhibiwa kwa kumkosea mwenzake wa timu moja si jambo geni. Tarehe 2 Aprili 2005, nchini Uingereza, wachezaji wawili wa Newcastle United walipigana wao kwa wao katika mechi dhidi ya Aston Villa. Mwamuzi aliwatoa wote wawili kwa kadi nyekundu. Hakusema, "Hayo ni mambo yenu ya ndani."

Jambo jingine lisilojulikana sana ni kwamba katika eneo la ufundi ni mtu mmoja tu kwa wakati mmoja anayeruhusiwa kutoa maelekezo ya mchezo. Katika mechi zetu za mchangani mara nyingi kocha, msaidizi wake, mtunza vifaa, mwenyekiti wa timu na mjomba wa golikipa wote hupiga kelele kwa pamoja. Mwamuzi akisimamia kipengele hicho kimoja, nusu ya kelele zitakwisha kabla ya kadi yoyote kutoka mfukoni.

Nje ya sheria za mpira kuna sheria za nchi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ulioridhiwa na Kenya mwaka 1990 na Tanzania mwaka 1991, unamtambua mtoto kuwa na haki ya kucheza (kifungu cha 31) na haki ya kulindwa dhidi ya ukatili wa mwili na wa akili (kifungu cha 19). Tanzania ilitunga Sheria ya Mtoto mwaka 2009, na Kenya ina sheria mpya ya watoto ya mwaka 2022. Hakuna sheria kati ya hizi inayosema kwamba mtoto akivaa jezi haki zake zinabaki nje ya mstari.

Kwa hiyo swali la kama mwamuzi anaruhusiwa kumwadhibu kocha limekwisha jibiwa. Lililobaki ni gumu zaidi: amwadhibu kwa sauti ipi, kwa adhabu ipi, na nani atasimama nyuma yake?

3. AINA TATU ZA SAUTI

Hatupendi kamati ielewe kwamba tunataka makocha wawe mabubu. Uwanja ni mpana, upepo unavuma, ngoma zinalia, watoto wako mbali. Kocha hana budi kupaza sauti. Ni vema basi tutenganishe mambo matatu.

(a) Sauti ya kuelekeza. "Rudi nyuma!" "Mtu mgongoni!" "Tuliza mpira!" "Mpe winga!" Hata ikiwa kubwa kiasi cha kusikika barabarani, si kosa. Inamwambia mtoto la kufanya. Mwamuzi asiiguse.

Hata hivyo, tunawashauri makocha wasiizidishe. Mtoto anayeambiwa kila hatua huanza kutazama benchi badala ya kutazama mpira. Yeye ana macho yake, na mchezo huo ni wake. Akifikiriwa kila kitu na mtu aliye nje, hatajifunza kuamua. Hilo ni suala la mafunzo ya kocha, wala si la kadi.

(b) Sauti ya kukaripia. "Mbona umesimama?" "Nimekwambia mara ngapi umkabe namba tisa?" "Amka, mechi haijaisha!" Hapa kuna ukali, na ukali una mahali pake. Mzazi hukaripia, mwalimu hukaripia. Lakini karipio likirudiwa kila dakika, likimwandama mtoto yuleyule mpaka akaanza kukimbia akiwa ameinamisha kichwa, limevuka mpaka. Hapa mwamuzi amfuate kocha mpira ukiwa nje na amwonye kwa upole na faragha kadiri inavyowezekana: "Mwalimu, naomba umwache huyo mtoto apumue." Akiendelea, kadi ya njano inamstahili, kwani kurudia mwenendo usiokubalika baada ya kuonywa ni kosa la njano.

(c) Sauti ya kudhalilisha. "Huna akili kama baba yako." "Mzigo wewe." "Miguu kama fito." "Unakimbia kama mwanamke." Kwa timu za wasichana mara nyingi maneno haya hulenga maumbile yao, na binti wa miaka 14 aliyesemwa mwili wake mbele ya kijiji kizima hahitaji kusemwa mara ya pili ili aache kuja mazoezini. Katika kundi hili tunaweka pia kumtaja mtoto kabila lake, umaskini wa kwao, ulemavu au ugonjwa. Hapa hakuna mafundisho yoyote ya mpira. Mtoto hakuambiwa la kufanya. Ameambiwa jinsi alivyo duni. Hapa mwamuzi asisubiri mara ya pili.

Ili mwamuzi asipate taabu ya kupima katikati ya mechi, tunapendekeza ajiulize maswali mawili tu. Swali la kwanza: maneno haya yanahusu mpira, au yanamhusu mtoto mwenyewe? Swali la pili: yangesemwa na mpinzani, ningetoa kadi? Yakiwa yanamhusu mtoto mwenyewe, na mpinzani angepewa kadi kwa maneno hayohayo, kocha naye anastahili kadi.

4. HOJA ZA WASIOKUBALI

Tunajua somo hili halitapokelewa na wote. Ni vema kamati isikie hoja za upande wa pili na kuzijibu kwa heshima.

"Samaki mkunje angali mbichi." Ndiyo, methali hii ni ya kweli. Lakini tuitazame vizuri. Imesema mkunje, haikusema mvunje. Samaki mbichi hukunjika kwa kuwa ni laini, na mikono inayomkunja hutumia nguvu kidogo tu. Wahenga walitufundisha kuwahi. Hawakutufundisha kutukana.

"Sisi tulifokewa, na leo ni watu wazima wenye heshima zetu." Ni kweli, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini wanaosema hivyo ni wale waliobaki. Waliokwenda zao hawako hapa kutueleza. Kila timu ya watoto ina majina yaliyokuwa kwenye orodha mwanzoni mwa msimu na hayapo mwishoni. Si wote walioondoka kwa sababu ya kufokewa. Wengine wamehama, wengine kazi za nyumbani zimewazidi. Lakini ni kamati ngapi zimewahi kuwafuata na kuwauliza?

"Mwamuzi ana kazi nyingi." Hoja hii ina uzito. Katika mechi nyingi za parokia hakuna mwamuzi wa akiba, na pengine washika vibendera ni vijana waliochaguliwa dakika tano kabla ya mechi. Mwamuzi hawezi kufuata mpira huku anasikiliza benchi zote mbili. Lakini hatumwombi asikie kila kitu. Tunamwomba asijifanye hakusikia lile alilolisikia.

"Mwamuzi ni kijana, kocha ni mtu mzima." Hii ndiyo hoja iliyo nzito kuliko zote, nasi hatuwezi kuipita haraka. Anayechezesha mechi ya watoto mara nyingi ni kijana wa miaka 18 au 20. Kocha anaweza kuwa mwalimu wake wa zamani, baba yake mdogo au mwenyekiti wa mtaa. Mechi ikiisha, wote wawili wanarudi nyumbani kwa njia moja. Kumwonyesha mkubwa kadi mbele ya watu kunaonekana ni utovu wa adabu. Kijana huyu akiachwa peke yake hatatoa kadi, na hatuwezi kumlaumu. Ndiyo maana tunasema kwamba kadi si ya mwamuzi peke yake. Inapaswa kuwa ya kamati, iliyoandikwa na kusomwa kabla ya msimu, ili kijana akiiinua, kila mtu ajue ni kamati iliyosema.

5. ADHABU IMWANGUKIE ALIYEKOSA

Hapa ndipo kamati nyingi zinaweza kukosea zikiwa na nia njema. Mtu anaweza kusema: kocha akitukana, timu ipokonywe pointi au ilipe faini. Tunaomba msifanye hivyo.

Fikirini. Mtoto ametukanwa na kocha wake. Kisha timu yake inapokonywa pointi kwa sababu yeye ametukanwa. Jioni wenzake watamtazama yeye kama chanzo cha hasara. Kesho akitukanwa tena hatasema neno, na wenzake watamwomba anyamaze. Faini nayo, katika timu zinazoishi kwa michango, hutoka mifukoni mwa wazazi walewale ambao mtoto wao ameonewa. Adhabu ya namna hiyo inamwadhibu mtoto mara mbili na kumwacha kocha akiwa amekaa.

Michezo inatofautiana katika hili. Katika mpira wa kikapu, kocha akipewa kosa la ufundi, wapinzani hupata mtupo huru, yaani timu nzima inalipa. Katika mpira wa miguu kadi ya kocha humwangukia kocha mwenyewe, nasi tunaona kwamba kwa michezo ya watoto huo ndio mtindo bora. Ila mwamuzi ajue jambo moja: akiusimamisha mchezo ili kuadhibu kosa la maneno, mchezo huanza tena kwa mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja dhidi ya timu ya mkosaji. Kwa hiyo, kosa lisipokuwa la kuhitaji hatua ya papo hapo, angoje mpira utoke nje ndipo amwendee kocha, ili watoto wasilipe deni la mkubwa.

Aidha, kocha akitolewa, watoto wasiachwe bila mtu mzima. Timu nyingi zina kocha mmoja tu, na mwamuzi akiogopa kuwaacha watoto yatima uwanjani atameza filimbi yake. Dawa yake ni rahisi: timu isikubaliwe kuingia uwanjani bila kuandikisha watu wazima wawili, kocha na mlezi. Timu za wasichana ziwe na mlezi mwanamke. Kocha akitoka, mlezi anakaa, na mchezo unaendelea.

6. FILIMBI HAIFIKI KILA MAHALI

Sasa tuseme mwamuzi ametimiza wajibu wake wote. Je, tumemaliza? Hapana. Mwamuzi anamwona kocha kwa saa moja au moja na nusu kwa wiki. Watoto wanakuwa naye mazoezini jioni nyingine zote, ambako hakuna filimbi wala watazamaji.

Nchini Uingereza, mwezi Juni 2022, ilitolewa ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na mwanasheria Anne Whyte kuhusu mchezo wa jimnastiki. Zaidi ya watu 400 walipeleka maelezo yao. Miongoni mwa yaliyoelezwa ni makocha waliowapigia watoto kelele, kuwatukana na kuwadhihaki, hasa mazoezini. Huko ni kwenye nchi yenye fedha, yenye makocha wenye vyeti na ofisi za kusimamia. Kwa hiyo tusidhani kwamba tatizo hili ni la umaskini au la viwanja vya vumbi. Linatokea popote ambapo mtu mzima mmoja ana uwezo wa kuamua nani acheze na nani asicheze, na hakuna wa kumuuliza.

Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki katika tamko lake la mwaka 2016 kuhusu unyanyasaji michezoni ilieleza kwamba unyanyasaji wa kisaikolojia ndio lango la unyanyasaji wa aina nyingine zote. Tunaomba kila kamati ilitafakari neno hilo. Mtoto aliyezoeshwa kwamba kocha anaweza kumwambia lolote mbele za watu, na watu wakacheka, amefundishwa kwamba hakuna mahali pa kulalamika. Siku atakapotendewa jambo baya zaidi mahali pa siri, atamwambia nani? Kwa maana hiyo kadi ya mwamuzi inahusu zaidi ya adabu ya mchezo. Mbele ya watoto wote inatangaza kwamba kocha naye ana mipaka, na kwamba yupo mtu mzima atakayesema basi.

Hata hivyo, tusimgeuze kocha kuwa adui. Wengi wao wanajitolea. Hawalipwi, wananunua maji kwa fedha zao, na hawajawahi kupelekwa hata kwenye semina ya siku moja. Wanafundisha kama walivyofundishwa. Na sisi kamati tunachangia: tunamsifu kocha aliyeleta mbuzi wa ushindi, na mwaka unaofuata tunamwondoa aliyeshika nafasi ya nne hata kama watoto wake wote wameendelea kuja. Tukiweka thamani yote kwenye kombe, tusishangae kocha akimfokea mtoto aliyelipoteza.

7. WENGINE WAMEFANYAJE

Mathare, Nairobi. Chama cha michezo cha vijana cha Mathare, MYSA, kilianzishwa mwaka 1987 katika mitaa ya wakazi wa kipato cha chini. Kinajulikana kwa kuunganisha ligi na kazi za jamii: timu hupata pointi kwenye msimamo kwa kusafisha mazingira, sawa na kwa kushinda mechi. Waamuzi wake wamekuwa pia na kadi ya kijani, ambayo hupewa mchezaji aliyeonyesha mwenendo mzuri kuliko wote. Wala hawakushuka kiwango kwa sababu hiyo. Timu iliyotokana nao, Mathare United, ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008. Wanaosema kwamba heshima inawafanya vijana kuwa legelege wanapaswa kujibu mfano huu.

Aachen, Ujerumani. Mwaka 2007 mwanamichezo Ralf Klohr alianzisha huko utaratibu wa mechi za watoto wadogo ambao baadaye ulienea nchini humo. Una mambo matatu: watoto wenyewe wanaamua rafu na mpira wa kurusha, wazazi wanasimama mbali na mstari, na makocha wa timu zote mbili wanasimama pamoja katika eneo moja. Hili la tatu halihitaji fedha hata kidogo. Kocha aliyesimama bega kwa bega na mwenzake huona haya kutukana. Kwa mechi za watoto wa chini ya miaka 10, kamati yoyote inaweza kulijaribu Jumamosi ijayo.

8. TUNAYOPENDEKEZA KWA KAMATI

Tunashauri kila kamati ya parokia, kwa kushirikiana na viongozi wa michezo wa eneo lake, iandike kanuni zisizozidi ukurasa mmoja. Zinaweza kuwa hivi:

(1) Kocha anaruhusiwa kupaza sauti kuelekeza. Haruhusiwi kumtukana, kumdhihaki au kumdhalilisha mchezaji yeyote, wa timu yake au wa timu nyingine.

(2) Mwamuzi atatumia ngazi tatu: onyo, kadi ya njano, kadi nyekundu. Kwa maneno ya kudhalilisha anaweza kwenda moja kwa moja kwenye kadi nyekundu.

(3) Kocha aliyepewa kadi nyekundu anaondoka eneo la uwanja na hakai kwenye benchi mechi inayofuata. Akirudia, anaitwa mbele ya kamati. Timu haipokonywi pointi wala haitozwi faini.

(4) Kila timu inaandikisha watu wazima wawili kabla ya mechi.

(5) Mwamuzi anaandika taarifa siku hiyohiyo, akinukuu maneno kama alivyoyasikia. Asiandike tu "lugha mbaya." Kocha anasikilizwa kabla ya uamuzi wa kamati.

(6) Mtoto au mzazi mwenye malalamiko kuhusu mazoezi anajua jina la mtu wa kumwendea, ambaye si kocha wala ndugu wa kocha.

Kanuni hizi zisomwe kwenye kikao cha makocha kabla ya msimu, na kila kocha atie sahihi. Zisomwe pia kwa wazazi, kwa kuwa kuna wazazi wanaofoka kuliko makocha. Na kamati ikimwadhibu kocha, isimtangaze kwenye kipaza sauti wala kwenye matangazo ya Jumapili. Hatuwezi kufundisha heshima kwa kumdhalilisha mtu.

Zaidi ya yote, mwenyekiti wa kamati au mjumbe wake awepo uwanjani. Mwamuzi kijana akiinua kadi na kumwona mzee wa kamati amesimama hapo, mkono wake hautatetemeka.

9. NENO KWA WAFADHILI WETU

Mara nyingi taarifa zinazowafikia huonyesha idadi ya mipira iliyonunuliwa, picha ya mabingwa na kombe. Ni mambo mema. Lakini tunawaomba muulize pia swali hili: watoto wangapi waliandikishwa mwanzoni mwa msimu, na wangapi wamebaki mwishoni? Jibu lake halina gharama, linahitaji daftari la mahudhurio tu, nalo linaeleza hali ya timu kuliko kombe.

Tunawaomba vilevile msione ajabu bajeti ikiwa na kifungu cha semina ya makocha na posho ya waamuzi. Mpira hupasuka baada ya miezi michache. Kocha aliyejifunza kumrekebisha mtoto bila kumvunja atabaki na ujuzi huo miaka mingi, na watoto wake watakaokuwa makocha watauchukua kutoka kwake.

10. MASWALI YA KUJADILI

(i) Andikeni maneno matano mliyoyasikia kutoka kwa makocha kwenye mechi za mwezi uliopita. Kila neno liwekwe kwenye kundi lake: kuelekeza, kukaripia au kudhalilisha. Ni yapi mnayobishania, na kwa nini?

(ii) Katika parokia yenu, mwamuzi kijana akimtoa kocha mwenye umri wa baba yake, nani atamtetea? Mtajeni kwa cheo chake.

(iii) Chukueni orodha ya timu moja ya mwaka jana. Nani hayupo tena? Mchagueni mjumbe wa kuwatembelea watoto hao na kuwauliza sababu.

(iv) Zawadi za mashindano yenu zinamtuza nani? Je, mnaweza kuongeza zawadi kwa timu ambayo watoto wake wote walibaki hadi mwisho?

HITIMISHO

Jibu letu kwa swali la somo ni ndiyo. Mwamuzi amwadhibu kocha anayewadhalilisha watoto, amwache anayepaza sauti kuwafundisha, na adhabu imwangukie kocha mwenyewe. Lakini mwamuzi hawezi kubeba mzigo huu peke yake. Kamati imwandikie kanuni, imsimamie na imlinde, na yenyewe ifuatilie yale ambayo filimbi haiyafikii. Tunaziomba kamati zijadili somo hili katika kikao chao kijacho na kutuletea nakala ya kanuni watakazokubaliana, ili parokia nyingine nazo zijifunze kutoka kwao.